Wanaotoa kijiti cha uzazi wa mpango wapewe foliki asidi hapo hapo

Mhariri,

Miaka yote nasoma gazeti hili bila kuandika, lakini taarifa yenu ya watoto wa mgongo wazi na vichwa vikubwa imenishinda kunyamazia. Mmewahimiza wajawazito "wawahi kliniki". Wawahi lini?

Mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga kufikia siku ya 28 tangu mimba itungwe. Siku hiyo mama amepitisha hedhi kwa wiki mbili tu, na wengi hawajapima hata mkojo. Akija na mimba ya miezi minne, FEFO, kidonge cha madini ya chuma na foliki asidi, itamsaidia damu, ila mgongo wa mtoto ulishafunga, au ulishabaki wazi. Foliki asidi, vitamini inayosaidia mrija huo ujifunge vizuri, huanzwa angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba, mikrogramu 400 kila siku hadi wiki ya 12. Aliyewahi kuzaa mtoto wa mgongo wazi anahitaji dozi kubwa, miligramu 4 au 5, aandikiwe na daktari. Anayeniumiza zaidi ni mwenye kifafa anayemeza valproeti. Dawa yenyewe inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na akiiacha ghafla kifafa kinamrudia kwa nguvu. Kubadilishiwa dawa taratibu huchukua wiki, pengine miezi, na muda huo unapatikana kabla ya mimba tu.

Tunawaambia wale mchicha. Ukichemshwa sana na maji yakamwagwa, foleti, yaani foliki asidi ya asili ya kwenye chakula, nyingi imekwenda na maji. Sembe ya mashine ya mtaani nayo mara nyingi haina foliki asidi iliyoongezwa.

Na huyo tunayemlaumu kuchelewa, akija peke yake anarudishwa akamlete mwenza, au barua ya mwenyekiti wa mtaa. Mimba inakua yeye akitafuta mhuri!

Katika kituo kimoja mama ametolewa kijiti, mhudumu akamwambia: "Haya, ukikosa siku zako uje." Hapo ndipo pa kurekebisha. Kila anayekuja kutoa kijiti au kitanzi aulizwe, "Unataka kuzaa?" Akisema ndiyo, kabla bandeji haijafungwa, ahesabiwe vidonge 90 vya foliki asidi, apimwe presha, sukari, wingi wa damu, kaswende na VVU, na aulizwe dawa anazotumia. Kijiti kikishatoka, anaweza kushika mimba ndani ya wiki chache.

Mkunga, Dar es Salaam