Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Mahesabu mtayasikia kwa mweka hazina. Mimi nataka kuieleza ile Jumatatu ambayo hamkuweza kutoa fedha mpaka adhuhuri, kwa sababu wapo waliosema chama kimeibiwa. Hakikuibiwa. Diski ilijaa.

Kanzidata yetu ya akiba na mikopo hutumia PostgreSQL, programu ya kutunza data. Seva kuu ipo makao makuu. Seva pacha ilikuwa tawini, ikipokea kila badiliko. Muamala huandikwa kwanza kwenye faili za kumbukumbu, kila moja MB 16, na pacha husoma humo. Ili pacha isiachwe nyuma, tuliiwekea kile mafundi wanachokiita sloti: seva kuu haifuti faili ambayo pacha haijaisoma.

Pacha ikaungua kwa hitilafu ya umeme. Tukaing'oa, sloti yake tukaisahau. Seva kuu ikaendelea kuiwekea faili, kama mama ntilie anayemfunikia chakula mteja aliyekwisha kuhama mji, mpaka sufuria zikaisha. PostgreSQL ikikosa pa kuandika kumbukumbu hizo, hujizima.

Fundi wetu hakufuta faili hata moja kwa mkono, nami namshukuru. Angefuta, leo tungekuwa na kikao cha aina nyingine. Aliongeza nafasi ya diski, akawasha seva, akaiondoa sloti. Faili zikaanza kupungua huku natazama.

Kosa ni la kamati. Tangu toleo la 13 la PostgreSQL, la mwaka 2020, kuna kipimo kiitwacho max_slot_wal_keep_size. Usipokiweka, faili hurundikana bila kikomo, na sisi hatukukiweka. Sasa kipo, ila pacha itakayochelewa kupita kikomo itabidi ijengwe upya.

Kuna waliotaka kila muamala usubiri pacha ithibitishe. Kamati imekataa. Mtandao wa tawini mnaujua: keshia angebonyeza na kungoja, na pacha ikizimika, madirisha yote yangeganda. Afadhali ibaki nyuma sekunde chache. Ripoti nzito za mwisho wa mwezi tutazitolea kwenye pacha, zisigombanie seva na foleni yenu ya asubuhi.

Bekapu ya kila usiku inaendelea palepale. Mkopo ukifutwa kwa bahati mbaya huku, na kwenye pacha unafutika.

Fedha za seva pacha mpya na diski zimo ukurasa wa mwisho wa makadirio. Naomba mzipitishe leo.

Mwenyekiti