Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji la Tanga: Sakafu za zege linalong'arishwa zipimwe zikiwa zimelowa

Kwa Mkurugenzi wa Jiji,
Halmashauri ya Jiji la Tanga.

YAH: KUPIMWA UTELEZI WA SAKAFU ZA ZEGE LINALONG'ARISHWA KATIKA MAJENGO YA UMMA

Ndugu Mkurugenzi,

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi sanifu wa majengo, mkazi wa Makorora, na kazi yangu kubwa kwa miaka mingi imekuwa sakafu: niru, terazo, na siku hizi zege linalosagwa kwa mashine hadi ling'ae. Nakuandikia hadharani kwa sababu ninachokiomba kinawahusu pia walimu wakuu, waganga wafawidhi, wenyeviti wa mitaa na kamati za ujenzi, ambao wote hupokea majengo kwa niaba ya wananchi. Ombi lenyewe ni moja: sakafu yoyote ya zege iliyong'arishwa katika jengo la umma ipimwe utelezi ikiwa imelowa maji, kabla jengo halijapokelewa, na sharti hilo liandikwe katika mkataba tangu mwanzo.

Sina ugomvi na zege linalong'arishwa. Ni sakafu njema. Saruji yake tunaichoma wenyewe hapa Pongwe, haina maungio ya kukusanya uchafu kama marumaru, haibanduki, na ikitunzwa hudumu kwa miongo kadhaa. Tena anayedhani kwamba kila sakafu inayong'aa lazima iteleze anakosea, kwa kuwa kung'aa ni habari ya mwanga na kuteleza ni habari ya msuguano, na nimekanyaga sakafu zenye mng'ao mkali ambazo zinaishika soli barabara zikiwa kavu. Shida huanza maji yanapoingia, na ili kueleza kwa nini, naomba uniruhusu nieleze kidogo jinsi kazi yenyewe inavyofanyika.

Fundi huanza na diski za almasi zenye punje kubwa, namba 40 au 80 hivi, akaondoa tabaka la juu la zege, kisha hupanda hatua kwa hatua hadi 200, 400, 800 na 1500, na wanaotaka mng'ao wa hali ya juu hufika 3000. Katikati ya hatua hizo humwaga kimiminika cha silikati, ambacho hukutana na chokaa iliyobaki ndani ya zege na kuigeuza kuwa kitu kigumu kinachoziba vitundu vya juu. Kadiri namba inavyopanda, ndivyo mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa macho inavyozidi kulazwa. Wengine humalizia kwa vanishi au nta, na hapo mtu hakanyagi tena zege bali utando uliopakwa juu yake. Sakafu nyingi ambazo watu wanazilaumu kwamba zinateleza, ukizichunguza, utakuta kinachoteleza ni huo utando.

Mtu anapotembea, kisigino ndicho kinachotangulia kugusa chini, na katika mguso huo wa muda mfupi mno maji yaliyo chini ya soli lazima yapate pa kukimbilia. Sakafu yenye mikwaruzo huyapa njia, na ncha za mikwaruzo hiyo hupenya utando wa maji zikaifikia soli. Sakafu iliyolazwa kabisa haiyapi njia. Soli huelea juu ya maji, na mguu huondoka bila mwenyewe kupenda. Wapimaji wa Uingereza hutaka mkwaruzo wa kiasi cha mikroni 20, yaani sehemu mbili za mia za milimita moja, kwa sakafu inayotarajiwa kulowa maji safi, na ile iliyo chini ya mikroni 10 huihesabu kuwa ya hatari kubwa. Hayo ni kwa maji matupu. Maji ya sabuni, na zaidi yake mafuta, hutoka chini ya soli kwa shida zaidi, kwa hiyo yanahitaji sakafu yenye mkwaruzo mkubwa kuliko huo.

Masika iliyopita nilishuhudia matokeo yake katika zahanati moja ambayo sitaitaja, kwa kuwa nia yangu si kumshtaki mtu. Mvua ya upepo ilikuwa imeingia kwenye baraza la kusubiria, ambalo liling'arishwa sawasawa na vyumba vya ndani, na muda mfupi kabla ya hapo lilikuwa limepigwa deki. Bibi mmoja, jirani yangu, aliinuka kwenye benchi baada ya kuitwa jina. Kandambili yake ya kushoto, ambayo soli yake ilikuwa imelika hadi ikawa laini kabisa, ikatangulia mbele peke yake, naye akaangukia nyonga. Tulipokwisha kumwinua nilipitisha kiganja sakafuni, na chini ya maji ya mvua kulikuwa na mlenda wa sabuni ambayo haikusuuzwa. Nyonga ilivunjika. Waliokuwapo walisema ni ajali tu, imepangwa na Mungu, na sipingani na imani ya mtu. Lakini najua kwamba katika BOQ ya jengo lile, yaani orodha ya kazi, vipimo na gharama za ujenzi, paliandikwa sakafu ing'arishwe kote, ndani na nje, bila kutofautisha panaponyeshewa na pasiponyeshewa, na hakuna aliyetakiwa kuipima.

Siku ya makabidhiano, pale anapotokea mtu wa kuuliza habari ya utelezi, mara nyingi huonyeshwa karatasi ya muuzaji wa dawa za kung'arishia yenye namba 0.5 au zaidi, na mambo huishia hapo. Aghalabu namba hiyo ni ya msuguano wa kitu kilichosimama, uliopimwa maabara juu ya sakafu kavu. Haimwambii mganga mfawidhi lolote kuhusu baraza lake litakavyokuwa mwezi wa Aprili. Marekani yenyewe, zinakotoka nyingi ya karatasi hizo, kiwango chao cha vigae hutumia msuguano wa kitu kinachotembea, uliopimwa kwenye unyevu, na kima cha chini ni 0.42 kwa sakafu tambarare za ndani zinazotarajiwa kukanyagwa zikiwa zimelowa. Hata hiyo 0.42 haikuwekwa kwa ajili ya njia za mteremko wala sehemu zenye mafuta.

Uingereza hutegemea kifaa cha pendulamu, na hiki ndicho ninachokipendekeza kwetu. Mkono wenye kipande cha mpira mwishoni huachiwa ubembee, mpira ukasugua sakafu iliyolowanishwa, na kadiri sakafu inavyoushika ndivyo mkono unavyopungukiwa nguvu ya kupanda upande wa pili. Ikisoma 36 na kuendelea, hatari ya kuteleza ni ndogo. 25 hadi 35 ni ya wastani. Chini ya 25 ni kubwa. Kifaa hubebeka, hupima sakafu ile ile iliyojengwa badala ya kipande cha maabara, na kina mpira wa aina mbili, mmoja wa kuwakilisha soli ya kiatu na mwingine laini zaidi kwa ajili ya wanaokwenda peku. Wahandisi wa barabara wanakifahamu, maana hutumika pia kupima utelezi wa lami, kwa hiyo hatuombi kitu kigeni kwa taaluma ya uhandisi.

Nasisitiza kipimo cha unyevu kwa sababu Tanga si mahali pakavu. Tuna masika kuanzia Machi hadi Mei, na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Hata mvua isiponyesha, kuna asubuhi ambazo zege lililolala juu ya ardhi baridi hukutana na hewa nzito ya bahari na sakafu ikatoa jasho. Hakuna aliyemwaga maji, paa halivuji, lakini ukipita na soksi zinalowa. Mchanga mkavu unaoingia na viatu nao hufanya kazi ya gololi chini ya soli. Panapouzwa samaki kuna barafu inayoyeyuka, magamba na mafuta. Watu hutoka kutawadha wakiwa peku, nyayo zikichuruzika maji, na wagonjwa wa wodini huamka usiku kwenda msalani wakiwa peku vile vile. Sakafu ya jengo la umma hapa kwetu lazima ihesabiwe kwamba italowa, na kwamba atakayeikanyaga hatakuwa na kiatu kizuri.

Jambo linalonisikitisha zaidi, Ndugu Mkurugenzi, ni kwamba tunalipia hatari hii kwa fedha. Kung'arisha baraza kunahitaji mashine, diski, silikati na siku za kazi, wakati sakafu salama ya baraza hupatikana zege likiwa bado bichi: fundi hupitisha ufagio mgumu juu yake, mistari ikikatiza njia ya mtembeaji, na kazi imekwisha. Njia za mteremko za viti vya magurudumu, ambazo kwa kawaida hujengwa kwa uwiano wa 1 kwa 12, zisiguswe na diski ya kung'arishia hata kidogo. Ndani ya vyumba na korido mtu anaweza kusimamia namba 200 au 400 badala ya kukimbilia 1500, kisha akapima. Sizitoi namba hizo kama dhamana, kwa kuwa zege hutofautiana kwa kokoto, kwa uchanganyaji na kwa mkono wa fundi, na ndiyo maana kipimo ni cha lazima hata pale fundi anapojiamini.

Majengo mengi ya shule na zahanati sasa hujengwa kwa force akaunti, ambapo fundi wa mtaani huajiriwa moja kwa moja na mbunifu hayupo eneo la kazi kila siku. Fundi huyo anajua kung'arisha, tena vizuri sana. Hajaambiwa tu mahali pa kutong'arisha. Ukurasa mmoja wa maelekezo kutoka ofisi ya Mhandisi wa Jiji, ulioambatishwa kwenye kila mkataba wa sakafu, ungemtosha.

Usafi nao una sehemu yake. Sabuni ya unga ikimwagwa kwa kukadiria na kuachwa ikauke, huacha utando ambao tone la maji huuamsha tena kesho yake, na sakafu iliyofaulu siku ya makabidhiano hushindwa baada ya miezi michache. Wahudumu wanapaswa kupewa kipimo cha sabuni isiyo kali, ndoo ya pili yenye maji safi ya kusuuzia, dekio linalokamulika vizuri, na muda wa kufanya kazi hiyo kabla wagonjwa hawajafika. Si haki kumlaumu mhudumu aliyepewa ndoo moja.

Sheria haijatuacha mikono mitupu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri ahakikishe mahali pa kazi pako salama, na zahanati ni mahali pa kazi pa muuguzi kama ilivyo mahali pa tiba pa mgonjwa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike na watu wote; sioni jinsi anayetembea kwa magongo anavyoweza kuhesabiwa kuwa amefikishiwa huduma ikiwa ncha ya gongo lake inateleza mlangoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, zaidi ya asilimia 80 yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na wanaokufa zaidi ni wazee waliopita miaka 60.

Kwa hiyo naomba kwamba kuanzia mwaka wa fedha ujao kila BOQ ya sakafu ya zege itakayopitia ofisi yako itenganishe maeneo makavu na yale ya kulowa, itaje kima cha 36 cha pendulamu kwenye unyevu kwa hayo ya kulowa, na iseme wazi kwamba fedha za mwisho za mkandarasi au fundi hazitalipwa hadi kipimo kifanyike mbele ya kamati. Kwa majengo ambayo bado yako ndani ya kipindi cha matazamio, naomba yapimwe sasa, wakati aliyejenga bado anawajibika kurekebisha. Yaliyokwisha kupita kipindi hicho yana tiba pia: kuondoa nta au vanishi, kusaga upya kwa namba ya chini, au kupaka rangi ya sakafu iliyochanganywa na punje za mchanga mgumu kwenye mabaraza, milango na vyoo. Ningeanza na vituo vya afya, kwa sababu huko ndiko wanakokwenda wazee, wajawazito na watu wenye magongo.

Kama ofisi yako itaunda timu ya kukagua sakafu hizo kabla ya mvua za Machi, niko tayari kutembea nayo jengo kwa jengo bila malipo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi sanifu majengo,
Makorora, Tanga.