Barua kwa wanangu mnaofanya kazi Marekani: tarehe ya I-94 mmeiangalia lini?

Wanangu wa Igoma, wa Nyamanoro, wa Buhongwa, na nyie wa Magu na Ukerewe ambao mkifika huko wote mnakuwa watu wa Mwanza, marahaba kwa shikamoo zenu zote. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Jumamosi iliyopita nimempokea mtoto wa kaka yangu pale uwanja wa ndege, miaka sita ya Marekani imeingia kwenye masanduku mawili. Hakuiba, hakupigana na mtu, ni kijana wa programu za kompyuta mwenye digrii mbili na bosi wake alikuwa anamsifia, amerudi kwa sababu ya tarehe moja ambayo hakuna aliyemwambia aiangalie.

Tulivyofika nyumbani Nyegezi nikamwambia oga kwanza, hakutaka, akatoa bahasha akaweka karatasi mbili mezani pembeni ya chai. Ya kwanza I-797, ile ya kukubaliwa H-1B, yaani ruhusa ya kufanya kazi ya kitaalamu kupitia mwajiri, imeandikwa mpaka Septemba 2027. Ya pili I-94, rekodi ya kuingia nchini inayosema mwisho wako wa kukaa ni lini, imeandikwa mpaka Septemba 2025. Akaweka kidole pale kwenye 2025 akakiacha hapo hapo, haongei, chai ikapoa.

Ilikuwa hivi. Alikuja Krismasi ya 2024 kumuona mama yake, Januari akarudi. Pasipoti yake ilikuwa imebakiza miezi nane, na afisa wa uwanja wa ndege kule akampa muda wa kukaa unaoishia siku pasipoti inapoisha, sio siku H-1B inapoisha. Wanafanya hivyo mara nyingi tu na hawakutangazii, inakaa kwenye mfumo wao. Yeye akabadilisha pasipoti vizuri kabisa kabla haijaisha, akajua ameshamaliza. Kumbe pasipoti mpya haiongezi I-94 hata siku moja! Septemba ikapita, anaenda kazini kila siku, analipa kodi, anatuma hela ya dawa za mama, na huku hana ruhusa ya kukaa wala ya kufanya kazi.

Angegundua mapema ilikuwa kazi ndogo. Ukishapata pasipoti mpya na I-94 bado haijaisha, mwajiri anaomba kuongezewa muda, au ukiwa na viza hai unatoka nje ya nchi na kurudi na pasipoti mpya, unapewa tarehe nyingine. Yeye kagundua Februari, alipopata ofa sehemu nyingine na wakili wa kampuni mpya akamwomba I-94 ya karibuni. Siku zaidi ya 150 zimeshapita, na zikizidi 180 ukatoka unafungiwa miaka mitatu, zikifika mwaka ni miaka kumi. Ikabidi aondoke haraka. Halafu akiwa nje, kampuni mpya ikiomba upya inakutana na ile ada ya dola 100,000 iliyowekwa na rais wao Septemba 2025 kwa maombi mapya ya watu walio nje ya Marekani. Wakamwandikia barua pepe ya mistari minne kumtakia heri.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo mnaponiudhi. Ile viza iliyobandikwa kwenye pasipoti ni ruhusa ya kwenda kugonga mlango. Unakaa mpaka lini, hilo linasemwa na I-94, na kila ukiingia unapewa mpya. Kuiangalia ni bure, i94.cbp.dhs.gov, unaweka jina na namba ya pasipoti, dakika mbili. Nimemuuliza, baba, miaka yote hiyo hukuwahi kuifungua? Akasema, "Shangazi, nilijua kampuni inafuatilia." Kampuni inafuatilia! Wanangu, wakili wa kampuni ni wa kampuni, anakuomba karatasi anapozihitaji yeye, safari yako ya Krismasi hana habari nayo. Nimeuliza wengine saba kwenye kundi letu, watano hawana hata kopi ya I-797 yao, eti iko HR. Ukiachishwa kazi leo asubuhi laptopu inafungwa kabla hujasimama kwenye kiti, hiyo kopi utaiomba kwa nani? Iweke kwenye simu yako, kwenye barua pepe yako binafsi, na nyingine mtumie mtu unayemwamini. I-797 zote tangu ya kwanza, slipu za mshahara, barua ya ofa, kila ukurasa wa pasipoti ya zamani.

Na kuhama kazi. Mmekulia ziwani, mmeona pale Mwaloni gunia la dagaa linavyotoka kwenye mtumbwi, wa juu haachii mpaka wa chini ameshalishika. Fanyeni hivyo hivyo. Tangu sheria ya mwaka 2000 mwenye H-1B anaruhusiwa kuanza kazi mpya ombi la mwajiri mpya likishapelekwa serikalini, ila ni likishapelekwa, sio bosi kukwambia tunalishughulikia. Subiri uone risiti kwa macho yako ndio uandike barua ya kuacha. Mimi mwenyewe mwaka 2009 kampuni niliyokuwa nafanyia uhasibu Houston ilipunguza watu, na enzi hizo zile siku 60 za kutafuta mwajiri mwingine baada ya kazi kuisha hazikuwepo, kazi ikiisha leo na uhalali umeisha leo. Kilichoniokoa ni kwamba ombi la kampuni nyingine lilikuwa limefika serikalini siku mbili kabla. Mpaka leo nikikumbuka zile siku mbili nanyamaza kwanza.

Siku 60 zilikuja Januari 2017. Ni mpaka 60, I-94 ikiisha kabla basi ni hizo chache zilizobaki, na malipo ya kuagwa hayaziongezi. Walioko kwenye OPT, ile ruhusa ya kazi ya mwanafunzi aliyemaliza chuo, mna siku 90 tu za kukaa bila kazi kwa ule mwaka mzima. Aliyepata H-1B kupitia chuo kikuu ajue ile bahati nasibu ya kuchagua maombi ya H-1B hakupita, akihamia kampuni ya kawaida itabidi aipite. Gharama za mwajiri za H-1B usikubali kukatwa kwenye mshahara. I-140, ombi la mwajiri la kukutafutia green card, ikishakubaliwa na ikapita siku 180, mwajiri akijitoa bado inakusaidia kuongeza H-1B, kwa hiyo kabla hujahama uliza imefikisha ngapi. Na mkiwa na shida kubwa mlipeni wakili wenu wenyewe saa moja.

Nina neno na sisi wa huku pia. Kijana hajamaliza wiki, watu wawili wameshapita kumuuliza amefukuzwa kwa kosa gani, na mmoja ameulizia mchango wa harusi alioahidi. Wenzake kule wanajua hili, ndio maana mtu anapoteza kazi anakaa siku arobaini kimya, anatuma hela ya kukopa nyumbani ili asijulikane, na siku zake 60 zinaishia kwenye aibu badala ya kwenye kutafuta mwajiri. Tumewafanya waogope simu zetu. Mama yake mzazi amejua siku ndege inatua!

Yeye sasa amelala chumba cha nyuma, jana amekula sato vizuri kwa mara ya kwanza. Kuna mwajiri wake wa zamani anayetaka afanye kazi akiwa huku huku, tunasubiri mkataba tuusome wote wawili.

Nyie fungueni I-94 zenu leo, halafu nitumieni ile tarehe, tarehe tu, nimenunua daftari la kuziandika na nitawakumbusha mmoja mmoja. Saa mbili usiku ya Houston mimi huku nimeshaamka kusali. Pigeni.

Shangazi yenu, Nyegezi