Majibu ya Ulaya kwa Trump yatafuteni kwenye bajeti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua nami nitie neno kuhusu makala mliyochapa juu ya namna Ulaya ilivyopokea ushindi wa Donald Trump wa Novemba 2024. Mwandishi wenu amezipitia salamu za pongezi kama mtu anayesoma kadi za harusi: nani kawahi, nani kachelewa, nani kachangamka, nani kanuna. Ni kweli Viktor Orbán, Waziri Mkuu wa Hungary wakati ule, hakuificha furaha yake. Ni kweli pia Rais wa Ufaransa, Emmanuel Macron, alimkumbusha Trump kwamba walishawahi kufanya kazi pamoja kwa miaka minne. Lakini salamu hizo ni mambo ya itifaki. Anayetaka kujua Ulaya iliupokeaje ushindi ule aangalie pesa zilikohamia miezi iliyofuata, na hilo makala yenu haikuligusa hata kwa sentensi moja.

Maneno hayana thamani kubwa katika mambo haya. David Lammy, akiwa mbunge wa upinzani mwaka 2018, aliandika kwamba Trump ni mtu anayewaonea huruma Wanazi mamboleo, tena asiye na utu. Julai 2024 Lammy akawa Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza. Septemba, yeye na Waziri Mkuu wake, Keir Starmer, wakaalikwa chakula cha jioni Trump Tower, New York, na Lammy mwenyewe akasimulia baadaye kwamba mwenyeji wao alimwongeza kipande cha pili cha kuku. Alipoulizwa kuhusu yale maneno ya zamani akasema hizo ni habari zilizopitwa na wakati. Basi, yakaisha.

Wala wapiga kura wa Marekani hawana habari na maoni ya Ulaya. Mwaka 2004 gazeti la The Guardian la London lilinunua orodha ya wapiga kura wa kaunti ya Clark, jimbo la Ohio, kwa dola 25, likawagawia wasomaji wake majina na anwani ili wawaandikie barua wale wasiofungamana na chama, wawaeleze dunia inaonaje uchaguzi wao. Majibu yaliyorudi yalikuwa moto. Kuna waliowaambia Waingereza wakapige mswaki kwanza. Kaunti hiyo Al Gore, mgombea wa chama cha Democratic, aliishinda mwaka 2000 kwa kura 324. Mwaka 2004 ikamwendea George W. Bush wa Republican. Gazeti jingine la London, Daily Mirror, likauliza kwenye ukurasa wa mbele inawezekanaje watu 59,054,087 wakawa wajinga kiasi hicho. Siku hiyo liliuza nakala, bila shaka.

Sasa nirudi kwenye pesa. Mimi naishi Hamburg, nafanya kazi ghalani. Jumatano ile, tarehe 6 Novemba 2024, asubuhi hapakuwa na stori nyingine ila Trump. Vijana wa Kijerumani walikuwa kama wamefiwa, Wapoland wawili wakawa wanawatania. Usiku wa siku hiyohiyo Kansela Olaf Scholz akamfukuza kazi Waziri wake wa Fedha, Christian Lindner, na serikali ya mseto wa vyama vitatu ikavunjika. Kesho yake Trump hakuwa na nafasi tena kwenye mazungumzo ya chai. Watu wengi huko nyumbani Tanzania walizichukulia kama habari mbili tofauti. Scholz alitaka serikali ikope zaidi, ikiwemo kwa ajili ya Ukraine, na katika kujieleza akautaja uchaguzi wa Marekani; Lindner aligoma kulegeza kikomo cha madeni kilichomo kwenye katiba. Trump alikuwa hajaapishwa, ila ugomvi wa nani alipe gharama zake ulikuwa umeshaangusha serikali.

Aliyekuja baadaye, Friedrich Merz, alifanya kampeni akisema kikomo hicho kitaheshimiwa. Uchaguzi ukafanyika tarehe 23 Februari 2025, akashinda, na usiku ule akatangaza kwamba Ulaya lazima hatua kwa hatua iache kuitegemea Marekani. Tarehe 18 Machi Bunge lilelile la zamani, kabla wabunge wapya hawajakaa kwenye viti vyao, likabadili katiba ili matumizi ya ulinzi yanayozidi asilimia moja ya pato la taifa yasihesabiwe katika kikomo hicho. Walilikimbilia Bunge la zamani kwa sababu katika lile jipya theluthi mbili isingepatikana bila kuomba kura kwa AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia, au chama cha mrengo wa kushoto. Sijui kama hapo nyumbani tungeiita demokrasia, lakini tuyaache hayo.

Uingereza ndiyo inayotuhusu zaidi. Jumanne tarehe 25 Februari 2025, Starmer alisimama bungeni akatangaza kwamba bajeti ya ulinzi itapanda hadi asilimia 2.5 ya pato la taifa ifikapo 2027, na kwamba fedha hizo zitatoka kwenye misaada ya nje, ambayo itashushwa kutoka asilimia 0.5 hadi 0.3. Alhamisi yake akawa White House, akitoa mfukoni barua ya Mfalme Charles ya kumwalika Trump kwa ziara ya kitaifa. Ijumaa, waziri wake wa maendeleo ya kimataifa, Anneliese Dodds, akajiuzulu. Alikuwa amesubiri bosi arudi salama ili asimharibie safari. Nchi hiyohiyo mwaka 2015 ilitunga sheria ya kutoa asilimia 0.7. Mwaka 2021 ikashusha hadi 0.5 kwa sababu ya korona, ikasema ni kwa muda.

Kwangu mimi, hiyo ndiyo salamu ya pongezi yenye uzito kuliko zote, na bili yake imepelekwa zahanati za watu wasiopiga kura London wala Washington. Tena imekuja wakati Trump mwenyewe ameshafunga bomba la USAID, shirika la misaada la Marekani. Makala yenu ilipaswa kuanzia hapo.

Siwalaumu Wazungu kwa kununua silaha. Urusi iko karibu nao na vita vya Ukraine si vya kwenye luninga kwa Mpoland ninayefanya naye kazi. Ninacholaumu ni kwamba nchi za NATO, muungano wa kijeshi wa Marekani na Ulaya, walikubaliana kutumia asilimia mbili ya pato la taifa kwa ulinzi tangu mkutano wa Wales mwaka 2014, wakapewa muhula mzima wa kwanza wa Trump kama onyo, wakaja kupata miaka minne ya Joe Biden, na nchi kadhaa zikawa bado hazijafika. Wakachelewa, halafu wakakimbilia mfuko wa mtu asiyeweza kupiga kelele kwenye bunge lao. Juni 2025 mjini The Hague wakaahidi asilimia tano ifikapo 2035. Katibu Mkuu wao, Mark Rutte, alimtumia Trump ujumbe wa simu wa kumsifu, kwamba Ulaya italipa sana na ushindi utakuwa wake, na Trump akauanika mtandaoni watu wote wasome.

Tusiwacheke sana, maana nasi tuna Abuja yetu. Mwaka 2001 serikali za Afrika ziliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na tunajua wenyewe tuliko.

Kwa hiyo, Mhariri, nina ombi. Juni bajeti itakaposomwa Dodoma, mwandishi wako asituletee tu bei ya bia na soda. Amuulize Waziri wa Fedha kwa kila mhisani wa Ulaya: mwaka jana aliahidi kiasi gani, kimefika kiasi gani, na mwaka huu amesema ataleta nini. Mtuchapie jedwali hilo ukurasa mzima. Hata matangazo ya mikopo ya simu yanaweza kusubiri siku moja.

Msomaji wenu,
Hamburg, Ujerumani