Bamba la kaburi na mwanga wa leza

Kisumu, Jumapili usiku

Chebet wangu,

Sasa mama. Najua nimepotea, usianze. Simu uliyopiga wiki ya mitihani niliiona, nikasema nitakurudishia jioni, jioni ikaja stima ikapotea, na ndio hivyo hadi leo. Nimeona niandike barua nzima manake hii story ya kituo chetu haiwezi kuingia kwa meseji.

Unakumbuka nilikuambia chuo kimekubali tuanzishe kituo cha utafiti wa optiki, ile sayansi ya mwanga? Basi walikubali kwa mdomo. Kamati ilikaa asubuhi nzima ikiongea jengo, orofa ngapi, mgeni rasmi atakatia utepe wapi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza nani atakuwa ndani. Mimi nikaomba meza. Wakaniangalia. Meza? Ndio, meza, optiki inaanzia kwa meza isiyotikisika, na zile za kiwandani za chuma, zenye tundutundu ndani kama sega la nyuki, unaskia bei unauliza kama ni ya gari. Mzee mmoja naye akataka kujua optiki itawapa watoto kazi gani, na hapo alikuwa anafungua WhatsApp, na intaneti yake imetoka baharini Mombasa kwa nyaya za kioo, SEACOM na TEAMS zilizofika 2009, na kinachokimbia ndani ya huo uzi ni mwanga wa leza tu. Vijana wanachimba mitaro ya fiba hapo nje ya geti letu kila siku! Nilinyamaza. Nikaambiwa niandike propozali. Nimeandika tatu.

Sasa skiza vile nilifanya. Nilienda kwa fundi wa mawe ya makaburi, nikamwambia nataka bamba la graniti, futi 4 kwa 3, unene inchi 2. Akatoa kalamu akauliza marehemu anaitwa nani. Nikamwambia hakuna marehemu. Akaniangalia kwa huruma, akadhani majonzi yamenizidi, akasema pole dada, jina tutaandika ukiwa tayari. Aki nilicheka hadi nikakaa chini, na hapo ndio akaamini kabisa nimefiwa.

Bamba lilibebwa na vijana sita. Tulilikalisha juu ya tyubu nne kuukuu za gari, tukazipuliza nusu tu, zisiwe ngumu, ndio zimeze mtikiso wa barabara. Chumba ni ile stoo ya zamani ya kemikali, madirisha tumepaka rangi nyeusi, na ukiwasha leza msimu wa wale wadudu wa ziwa unaona kila mmoja akipita kwa mwale anameta kama cheche, wanapenya hata sijui wapi. Juu ya jiwe tukapanga kifaa cha Michelson: mwanga mwekundu wa leza ya heliamu na neoni unagawanywa na kioo kimoja kinachopitisha nusu na kurudisha nusu, kila nusu inaenda kwa kioo chake inarudi, zinakutana ukutani unaona mistari, mwangaza na giza, mwangaza na giza. Kioo kimoja kikisonga kidogo, mistari inatembea. Na kidogo ninayosema, Chebet, ni kwamba kila mstari unaopita kioo kimesonga nanomita 316, yaani unywele wako mmoja unaweza kuugawa mara kama 200 hivi ndio ufike hapo. Kabla ya tyubu, mtu akitembea tu kwa korido mistari yote inafutika. Sasa hata lori likipita nje inacheza kidogo halafu inatulia.

Hii kitu sikuiota. Kuna chuo Marekani kinaitwa Delaware State, kilianzishwa 1891 kwa ajili ya watu weusi waliokuwa wamefungiwa milango kwingine. Chuo kidogo tu. Akafika huko Mualjeria mmoja, Noureddine Melikechi, wakaanza optiki polepole, ruzuku moja ikaita nyingine, NASA ikaingia, NSF, shirika la serikali yao la kufadhili sayansi, likaingia, hadi wakajenga kituo chao, wanakiita OSCAR. Na watu wake wakawa ndani ya timu ya Curiosity, lile gari lililotua Mars Agosti 2012, kwetu ilikuwa asubuhi saa mbili na kitu, mimi na wewe tunagombania ndoo ya maji hosteli. Gari hilo lina leza, linapiga jiwe kutoka umbali wa hadi mita 7, jiwe linatoa cheche, na rangi za cheche zinakuambia kuna nini ndani. Ni ndugu ya ile ya chumvi kumwagikia jiko la gesi, moto unageuka njano, umejua kuna sodiamu.

Mars ni tamu, lakini mimi nilishikwa na mambo ya pesa. Kwa ruzuku kama hizo kuna fungu la mwanafunzi mwenyewe, analipwa kufanya utafiti. Sisi hapa tunaona mwanafunzi wa nyumbani pagumu anahitaji kutiwa moyo. Bana, ametiwa moyo hadi amechoka, kila semina mtu anamtia moyo, na hajala. Kwa hivyo kwa hela kidogo tulizopata nimekataa kununua projekta, nawalipa watano kwa saa, na ufunguo wa stoo wanakaa nao wao. Nimegombezwa juu ya huo ufunguo we acha tu.

Mmoja ni msichana, mamake anauza omena, wikendi yuko sokoni naye. Siku moja alikuja na sukuma wiki kwa karatasi, na ile taa ndogo ya zambarau ya kuangalia noti feki, ameazima kwa duka la M-Pesa. Akaponda majani, akaloweka kwa spiriti ya kidonda, akachuja na pamba, kwa chupa unaona kijani cha kawaida. Akazima taa, akamulika. Chebet, ile kijani ikawaka nyekundu kama damu! Jani likiwa hai mwanga linautumia kutengeneza chakula, ukishaivuruga ile kijani kwa spiriti haina pa kuupeleka, sehemu inautapika ukiwa mwekundu. Nilijua hiyo kitu kwa kitabu miaka yote, sijawahi kuiona, na nimesoma fizikia hadi nikawa mwalimu wa chuo. Sasa anataka kupima maji ya ziwa pale Dunga hivyo hivyo, wekundu ukizidi ujue mwani umezidi. Hiyo sio kazi ya kuchezea, ni utafiti, na ameutoa kwa kibanda cha sukuma.

Mwingine ni kijana kiziwi. Hapo nilijifunza kwa aibu. Siku ya kwanza nimezima taa naendelea kuongea, mkalimani amesimama pale kwa giza na mikono yake, kijana haoni chochote, nimemfungia nje akiwa ndani ya chumba. Na nikipaza sauti kwamba leza inawaka, yeye ataskia nini? Sasa kuna taa hafifu iliyoelekezwa kwa mikono ya mkalimani, tumeifunika na boksi isiharibu kipimo, na juu ya mlango kuna balbu inayowaka kila leza ikiwa on. Kumbe hata sisi wenye masikio tulikuwa tunaingia ovyo, ni bahati tu hakuna aliyepofuka.

Haya, shida yangu kwako. Wasichana wako hapo Nakuru wakifika Form Three wanaacha fizikia, uliniambia mwenyewe, ati ni ya wavulana wa shule kubwa. Niletee sita likizo ya Agosti. Usiniletee wale wa namba moja peke yao, niletee pia yule anayefungua redio ya babake bila ruhusa. Watalala kwangu, sebule ni kubwa, wewe lete blanketi. Nauli ya matatu nitatafuta nusu, nusu uikamue kwa mkuu wako, unajua kumzungusha. Na mkusanye zile DVD kuukuu za nyumbani, tunazikata tunagawanyia rangi za mwanga, hatununui kitu.

Tyubu moja inavuja, jiwe limeanza kuinama upande wa mlango, kesho asubuhi naipeleka kwa fundi wa panchari.

Wasalimie watoto, na umwambie babao bado ana flash yangu.

Wako,
Atieno

Nilisahau: yule fundi wa makaburi alikuja kuona jiwe lake. Tukamwambia aliguse na kidole kimoja tu, akaona mistari ikikimbia ukutani, akaondoa mkono haraka. Akarudia mara tatu. Halafu akanikumbusha balance yangu ni 2,000.