Malalamiko kuhusu kiolezo cha herufi za upinde kilichobadilishwa bila ridhaa yangu

Fundi wa maandishi ya vibao,
Mwanjelwa,
Mbeya.

Meneja,
Kampuni ya Usanifu na Uchapaji,
Mbeya.

Ndugu Meneja,

YAH: KIOLEZO CHA MANENO "KARIBU MATEMA" NA MADAI YA KUREJESHEWA FEDHA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi wa kuandika vibao kwa mkono hapa Mwanjelwa. Nimewahi kuleta kazi kwenu na kuondoka nimeridhika, na ndiyo maana safari hii pia sikutafuta pengine. Naandika kudai fedha nilizowalipa kwa kiolezo ambacho si kile nilichoagiza. Nitaeleza kosa kwa kirefu, kwa sababu kila nilipokuja kaunta niliambiwa kwamba kosa halipo, na naamini ofisi yako haijapata nafasi ya kulisikia kwa mpangilio.

Kazi yenyewe ni ya mama mmoja mwenye nyumba ya wageni Matema, wilayani Kyela. Alitaka vibao viwili vinavyofanana, kimoja cha njia panda na kingine cha getini, vyote vya plaiwudi ya futi 8 kwa 4. Juu maneno KARIBU MATEMA yapinde, na chini yake mistari iliyonyooka ya huduma anazotoa: malazi, chakula, mtumbwi. Kibao cha njia panda kina msingi mweupe, cha getini kina bluu iliyoiva. Kwa kuwa maneno yaleyale yanaandikwa mara mbili na lazima yalingane, niliamua kutumia kiolezo cha karatasi chenye ukubwa halisi badala ya kuchora kila kibao upya.

Niliwaletea mchoro wangu kwenye karatasi ya grafu, kwa kipimo cha 1 kwa 10, wenye namba zote pembeni. Tulikubaliana mambo mawili, na yote yameandikwa kwenye fomu yenu ya oda: mfuate mistari yangu kwenye kompyuta na kuikuza mara 10, na mchape kwenye karatasi ya rola ya sentimita 91, kipande kimoja kisicho na kiungo. Hakuna mahali nilipoomba mnisanifie upya.

Mchoro ule haukuwa wa kukisia. Mstari wa chini wa herufi una upana wa sentimita 200 kutoka ncha hadi ncha, na katikati unapanda sentimita 20. Ukiwa na namba hizo mbili unapata nusu kipenyo bila mashine yoyote: nusu ya upana ni 100, zidisha kwa yenyewe upate 10,000, gawanya kwa 20 upate 500, ongeza 20 iwe 520, nusu yake ni 260. Msumari tunaofungia waya wa kuchorea upinde basi unakaa sentimita 260 chini ya kilele cha upinde, nje kabisa ya kibao, ndiyo maana kazi kama hii tunaichora kibao kikiwa kimelazwa sakafuni. Tunatumia waya, si uzi, maana uzi hunyumbuka na upinde ukapotea njiani. Mstari wa juu unachorwa kutoka kwenye msumari uleule, ila waya unaongezwa kimo cha herufi. Herufi zangu ni za sentimita 24, kwa hiyo mstari wa juu ni wa 284. Na kila mguu wa herufi unaelekea kwenye msumari huo: K ya mwanzo inalalia kushoto, A ya mwisho inalalia kulia, na zote zimekanyaga mstari wao sawasawa.

Mlichonipa ni kitu kingine. Mtu wenu aliandika maneno upya kwa herufi za kompyuta, akayapindisha kwa kitufe cha programu. Kitufe alichotumia huchukua mstari wa chini na kuunakili juu ulivyo, kwa sentimita 24, kisha herufi zinajazwa katikati miguu ikiwa wima. Mistari miwili ya namna hiyo haina kitovu kimoja, yaani haitoki kwenye msumari mmoja. Pale kileleni huoni tofauti, lakini kadiri unavyosogea pembeni ndivyo nafasi kati yake inavyobana, na mwisho wa upinde ukipima kuelekea kwenye kitovu unapata sentimita 22 tu. K imesimama wima huku nyayo zake zikiteremka kwa zaidi ya nyuzi 20, na A ya mwisho vivyo hivyo kwa upande wake. Herufi za katikati zinaonekana kubwa, za pembeni zimekonda na zimepinda mwili. Mtindo huo upo na una mahali pake, kwenye fulana za michezo unatumika sana. Mimi sikuuagiza.

Niligundua kabla ya tone la rangi kugusa ubao, kwa sababu nilikuwa nimeshachora pinde zangu mbili kwa chaki juu ya kibao cha kwanza. Nilipokitandaza kiolezo juu yake, mstari wa chini ulikaa vizuri na kilele kikakaa vizuri, lakini ncha za mstari wa juu zilikuwa zimeshuka chini ya chaki upande wa kulia na wa kushoto. Nikakikunja, nikaja kwenu.

Ndugu Meneja, kilichonisikitisha zaidi kilitokea kaunta. Kijana aliyenipokea aliweka rula wima pembeni mwa upinde, akasoma 24, akaniambia kipimo ni sahihi. Rula yake ilisema kweli, ila aliielekeza kusiko. Kimo cha herufi iliyo kwenye upinde hupimwa kufuata mguu wa herufi, yaani kuelekea kwenye kitovu, si kufuata ukuta wa duka. Nilimwomba aniletee waya na kitu cha kuchomeka nimwonyeshe palepale sakafuni. Akajibu kwamba kwenye kompyuta iko sawa, na hata hivyo watu wakipita barabarani hawataona. Simlaumu kwa kutojua, huenda hakuna aliyemfundisha. Ninalalamika kwamba hakukuwa na mtu mwingine pale wa kumsikiliza mteja, na mchoro wangu wenye namba zote ulikuwa uko kwenye faili lenu umbali wa hatua chache.

Tena watu wanaona. Abiria wa Kosta anayeshuka Matema hawezi kukwambia kwamba mistari haina kitovu kimoja, lakini atasema kile kibao kimekaa vibaya. Na anayesemwa ni fundi aliyekiandika na mama aliyekilipia.

Kuna jambo la nafasi kati ya herufi, ambalo lilipotea lote mlipoandika maneno upya. Neno KARIBU lina herufi sita na MATEMA lina sita, lakini hayalingani urefu, maana I ni nyembamba kuliko zote na MATEMA lina M mbili. Nilipima upana wa kila herufi kwanza, kisha nikatafuta katikati ya jumla yote. Kilele cha upinde hakiangukii kwenye uwazi ulio kati ya maneno mawili, kinaangukia kwenye mguu wa kwanza wa M. Kwenye kiolezo chenu uwazi ndio umewekwa kileleni, na ili MATEMA litoshe upande wake likabanwa hadi M zikawa kama zimeminywa mlangoni. Isitoshe, kwenye upinde unaopanda, herufi hufunguka juu na kukaribiana chini. A tayari imechongoka juu, kwa hiyo uwazi kati yake na jirani yake unazidi kuwa mkubwa. Nilikuwa nimezisogeza A na T kwa jicho, nikafuta na kurudia mpaka neno likasomeka kwa pumzi moja. Jicho ndilo ninalouza mimi. Programu haikuulizwa na wala haikuwa na namna ya kujua.

Kuhusu karatasi nitasema kwa ufupi. Badala ya kipande kimoja mlinipa karatasi za A3 zilizounganishwa kwa gundi ya utepe wa plastiki, na kwenye viungo upinde una vikato. Huenda kwa mtu wa ofisini hilo ni dogo. Kwetu kiolezo kinatobolewa: tunakilaza juu ya blanketi, tunapitisha kigurudumu chenye meno juu ya kila mstari, tunageuza na kupiga msasa laini mgongoni ili matundu yabaki wazi, kisha tunakibandika ubaoni na kukipiga kwa kifuko cha kitambaa chenye unga. Kwenye ubao mweupe tunatumia unga wa mkaa, kwenye bluu unga wa chaki. Kiolezo kimoja kizuri kinafanya vibao vingi. Penye utepe wa plastiki kigurudumu kinateleza, na unga unanasa kwenye kingo za gundi badala ya kupita. Hata kama upinde ungekuwa sahihi, mstari ungekatika kila penye kiungo, na kiungo kimoja kimepita katikati ya M.

Baada ya kukataliwa kaunta nilinunua karatasi za kaki, nikalaza ubao sakafuni, nikachora kiolezo chote upya kwa waya na penseli. Vibao vimekamilika na mteja amevipokea, lakini alivipokea kwa kuchelewa, na alinikata sehemu ya malipo kwa ucheleweshaji huo. Sikumpinga. Alikuwa amewaahidi wageni wake kwamba njia panda kutakuwa na kibao, na kule Kyela mvua ikishika huwezi kumwambia mtu asubiri rangi ya mafuta ikauke nje.

Ninachodai ni hiki. Nirejeshewe fedha yote niliyolipa kwa kiolezo, kama inavyosomeka kwenye risiti ya EFD niliyoambatanisha. Nilipwe pia kiasi nilichokatwa na mteja wangu. Barua yake inayoeleza kiasi hicho na sababu nimeiambatanisha. Sihitaji kuchapiwa kingine kwa kazi hii.

Zaidi ya fedha, naomba mbadilishe namna mnavyopokea michoro ya mafundi. Mchoro ukija na vipimo ufuatwe ulivyo, na kama mtu wenu anaona una kasoro, ampigie simu fundi kabla ya kugusa chochote. Kila kiolezo cha ukubwa halisi kichapwe na mstari wa kupimia wa sentimita 100 pembeni, ili mteja aweke futi yake palepale kabla ya kulipa. Kwa kazi za upinde, kitovu na nusu kipenyo viandikwe kwenye karatasi. Na kama karatasi ya rola imekwisha, semeni imekwisha. Mafundi wanaokuja kwenu kutoka Mbalizi, Tukuyu hadi Tunduma wako tayari kungoja rola, lakini karatasi za viraka haziwafai.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kinachouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Maelezo yangu yalikuwa kwa maandishi, yenye namba, na mlipokea na kugonga muhuri. Natumaini tutamaliza jambo hili baina yetu, kwa kuwa napenda kuendelea kufanya kazi na duka lililo karibu nami. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mtakapopokea barua hii, nitalipeleka Tume ya Ushindani, FCC, ambayo ndiyo yenye jukumu la kumlinda mlaji chini ya Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003.

Nimeambatanisha nakala ya mchoro wangu wa grafu, nakala ya fomu ya oda, risiti, barua ya mteja, na picha za kiolezo chenu kikiwa kimetandazwa juu ya pinde zangu za chaki. Kiolezo chenyewe ninacho karakana, kimekunjwa bila kutobolewa. Mtu wenu akitaka kuja kukiona, namkaribisha siku yoyote ya kazi. Waya na msumari vitakuwepo, na nitampimia mbele yake.

Wako mwaminifu,

Fundi wa maandishi ya vibao,
Mwanjelwa, Mbeya.