Malalamiko kuhusu kadi za harusi zilizobadilishwa fonti

Meneja,
Kiwanda cha Uchapaji,
Mbeya.

YAH: KUBADILISHWA KWA FONTI KATIKA KADI ZA MWALIKO WA HARUSI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mbunifu wa kadi hapa Mwanjelwa, na kazi zangu za rangi ya dhahabu nimekuwa nikizileta kwenu. Safari hii majina ya maharusi niliyapanga kwa Bickham Script, fonti (yaani mtindo wa herufi) ya kampuni ya programu ya Adobe iliyotoka mwaka 1997, ambayo Richard Lipton aliichora akifuata miandiko iliyochongwa na George Bickham, Mwingereza wa karne ya 18. Nilileta faili la PDF lenye fonti ndani yake, tayari kwa kuchapwa bila kuguswa.

Fundi wenu, kwa maelezo yake mwenyewe, alilifungua katika programu ya usanifu ili kadi iendane na bahasha zenu. Kwa kuwa kompyuta yake haina fonti hiyo, programu iliweka nyingine inayofanana nayo kwa mbali, naye akaongeza nafasi kati ya herufi ili mstari ujae. Nilipofika mapokezi nikaambiwa kwamba maandishi ni yale yale.

Si yale yale. Katika fonti ya mwandiko wa mkono, mkia wa herufi moja hushika mwanzo wa inayofuata, na nafasi ikiongezwa hata kidogo jina hubaki vipande vipande. Isitoshe, Bickham Script ina maumbo kadhaa ya herufi moja, ya kuchagua kulingana na herufi jirani. Jina la ukoo wa bibi harusi, kama majina mengi ya Kinyakyusa, linaanza na Mwa-, nami nilichagua kwa makusudi M isiyo na pindo refu upande wa kulia ili isiiparamie w. Katika kadi zenu M hiyo imejikunja juu ya w, na mjomba wa binti alisoma "Ulwa" mbele ya kamati nzima.

Neno "Mnakaribishwa" nalo mmeliweka kwa herufi kubwa tupu, kila moja na mapambo yake, kiasi kwamba halisomeki. Herufi kubwa za fonti za aina hii ni za kuanzia jina tu. Ndiyo maana hata ukumbi na namba za simu niliviandika kwa fonti ya kawaida.

Kwa hiyo naomba kadi zote zichapwe upya kwa gharama zenu, kutoka katika faili la awali, na nipewe sampuli ya kusaini kabla mashine haijawashwa. Kama hilo haliwezekani kabla ya Ijumaa, siku ambayo kamati itaanza kugawa kadi, nirudishiwe malipo yote ili nitafute mchapaji mwingine.

Nimeambatisha faili la awali, kadi mbili zilizoharibika na nakala ya stakabadhi.

Wenu mwaminifu,
Mbunifu wa kadi, Mwanjelwa.